Waliohudhuria na walio ghaibu: wiki moja katika vyuo vikuu vya Palestina

Jumamosi, 20 Mei 2023. Amman hadi Ramallah

Mimi ni mtu wa ofisi ya usajili. Kwa miaka 17 nimekuwa nikishika daftari za wanafunzi katika chuo kimoja cha Mombasa: nani ameomba nafasi, nani amekubaliwa, nani bado anadaiwa karo, nani amehudhuria vipindi vya kutosha hata aruhusiwe kuingia chumba cha mtihani. Mwalimu mmoja wa Ramallah, tuliyefahamiana katika warsha ya kikazi, ndiye aliyenialika nije kuona kazi kama yangu inavyofanywa mahali ambapo mwenye neno la mwisho juu ya anayefika darasani si chuo. Kwa hiyo atakayesoma kumbukumbu hizi asishangae nikiandika zaidi juu ya orodha na makaratasi kuliko juu ya bunduki.

Niliondoka Amman alfajiri. Daraja la mto Yordani lina majina matatu: wengine huliita Allenby, Wajordan huliita la Mfalme Hussein, na Wapalestina huliita al-Karama. Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi, yaani sehemu ya Palestina iliyo magharibi ya mto huu, hana uwanja wa ndege wake, na ule wa Ben Gurion wa Israel ulio karibu naye hawezi kuutumia ila kwa kibali maalumu. Anayekwenda kusoma Cairo, Berlin au Kuala Lumpur hupita hapa, na lango la upande wa magharibi linashikwa na Israel. Pasipoti yangu haikugongwa muhuri. Nilipewa kikaratasi cha samawati chenye picha yangu, nikaambiwa nikitunze mpaka siku ya kutoka, nami nikakiweka ndani ya kurasa za daftari hili.

Katika gari la abiria la kutoka Jericho, ambalo huku huitwa servis, niliketi na mhadhiri kijana mwenye pasipoti ya Ulaya anayefundisha katika chuo kimoja cha huku. Alinieleza kwamba mnamo Februari 2022 idara ya jeshi la Israel inayosimamia mambo ya raia ilichapisha kanuni mpya za wageni wanaotaka kukaa Ukingo wa Magharibi, na katika kanuni hizo vyuo vyote vya Palestina kwa pamoja viliwekewa kikomo cha wahadhiri wa kigeni 100 na wanafunzi wa kigeni 150 kwa mwaka. Vyuo vilipinga, Umoja wa Ulaya ukalalamika, na toleo lililoanza kutumika tarehe 20 Oktoba 2022 halikuwa tena na idadi hizo. Mamlaka ya kukubali au kukataa, hata hivyo, yalibaki palepale. "Mkataba wangu na chuo ni wa miaka miwili," alisema, "lakini viza yangu inahesabiwa kwa miezi." Nilimuuliza wakuu wake hupangaje ratiba ya mwaka ujao. Akacheka kwa adabu, akatazama nje dirishani, ambako milima ya udongo mkavu ilikuwa ikipanda nasi kutoka bondeni.

Jumapili, 21 Mei. Birzeit ya zamani

Mwenyeji wangu nitamwita Ustadhi, kwa kuwa ndivyo ninavyomwita tangu tufahamiane, naye huniita vivyo hivyo, jambo linalowachekesha wanawe. Leo alinipeleka Birzeit mjini, si kwenye kampasi mpya iliyo kilimani nje ya mji bali kwenye majengo ya zamani. Jina hilo lina maana ya kisima cha mafuta, na hiyo zeit ya mwisho ndiyo iliyomo ndani ya halizeti yetu. Hapa ndipo Nabiha Nasir alipoanzisha shule mwaka 1924. Shule ikawa chuo kidogo, na katikati ya miaka ya 1970 chuo kidogo kikawa chuo kikuu, cha kwanza kutoa shahada za kwanza chini ya ukaliaji wa Israel ulioanza 1967.

Tulikunywa chai ya mnaanaa kwa mama mmoja aliyestaafu ualimu wa kemia. Ni mwembamba, amenyooka, na husahihisha tarehe za watu wengine bila kuomba radhi. Alianza na Novemba 1974, chuo kilipokuwa bado hakijaanza hata kuitwa chuo kikuu. Mkuu wake, Hanna Nasir, alikamatwa na jeshi, akapelekwa mpaka wa Lebanon na kuachwa upande wa pili. Alirudi mwaka 1993. Kwa miaka 19 chuo kilikuwa na mkuu wake uhamishoni, huku Gabi Baramki akikaimu nyumbani, akiomba vibali, akitetea wanafunzi na kuwajibu maofisa wa kijeshi.

Kisha akaja kwenye habari niliyoifuata. Tarehe 8 Januari 1988, mwezi mmoja baada ya kuanza kwa intifada ya kwanza, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya ukaliaji huo, jeshi lilifunga Birzeit kwa amri, na halikuruhusu kifunguliwe hadi mwisho wa Aprili 1992. Miezi 51. Nilijaribu kuupima muda huo kwa kipimo ninachokijua. Wazee wa ofisi yetu husimulia jinsi Chuo Kikuu cha Nairobi kilivyofungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, kikakaa zaidi ya mwaka, na jinsi mpangilio wa masomo ulivyovurugika kwa miaka baadaye. Hapa ni zaidi ya mara tatu ya hapo, na vyuo vingine vya Ukingo wa Magharibi na Gaza navyo vilifungwa kwa miaka. Zaidi ya hayo, ile haikuwa mara ya kwanza: Birzeit imefungwa kwa amri ya kijeshi mara 15.

Masomo hayakukoma. Yalihamia sebuleni, misikitini, makanisani, katika ofisi zilizokodiwa. Mama huyu alifundisha kemia katika chumba tulichokalia, wanafunzi sita kwa zamu, kwa sababu kumi wangeonekana wakiingia. Vitabu vilibebwa ndani ya mifuko ya sokoni, chini ya nyanya na bamia, maana kijana aliyekamatwa na vitabu vya chuo njiani alikuwa na jambo la kueleza. Nikamuuliza swali ambalo msajili yeyote angeuliza: je, mahudhurio? Mliandika?

Akainuka, akarudi na daftari la shule lenye jalada la kijani lililochakaa pembe. Majina hayakuwemo. Kulikuwa na herufi na namba tu, na pembeni mwa kila moja alama ndogo za siku. Akaniwekea kidole kwenye safu mbili na kunisomea vichwa vyake kwa Kiarabu: hadir, ghaib. Sikuhitaji tafsiri. Hilo la kwanza ndilo shina la kuhudhuria na mahudhurio, tena ndilo limempa mhadhiri jina lake, na la pili ndilo ghaibu letu. Hata chombo chenyewe wao huita daftar. Tuliinama pamoja juu ya ukurasa ule, mimi na yeye, wazee wawili wa kazi moja.

Jumatatu, 22 Mei. Safari iliyovunjika, na kampasi

Mpango ulikuwa kwenda Nablus, kukiona Chuo Kikuu cha an-Najah, kilichoanza kama shule mwaka 1918 na kuwa chuo kikuu 1977. Kabla ya alfajiri jeshi liliingia kambi ya wakimbizi ya Balata, iliyo kando ya mji huo, na Wapalestina watatu wakauawa. Dereva alipiga simu saa moja asubuhi, akasema kwa upole wa mtu aliyezoea kwamba leo si siku ya Nablus. Kisha akaongeza, kana kwamba ananipa pole, kwamba nimekosa pia kuona chuo cha Ariel.

Alikuwa na hoja. Kusini mwa Nablus, juu ya kilima cha nchi iyo hiyo iliyokaliwa, kuna makazi ya Waisraeli yaitwayo Ariel, na ndani yake kuna chuo. Kilipopandishwa hadhi na kuwa chuo kikuu mnamo Desemba 2012, aliyetia saini hakuwa waziri bali kamanda wa jeshi wa eneo hilo, kwa sababu kisheria ardhi ile iko chini ya utawala wa kijeshi. Mwaka 2018 Bunge la Israel lilikihamishia chini ya baraza la elimu ya juu la Israel lenyewe. Mwanafunzi wa Tel Aviv huenda huko kwa gari lake na kurudi jioni. Kijana wa kijiji kilicho chini ya kilima hicho hulitazama jengo hilo maisha yake yote. Kalamu ya jeshi ambayo ilifunga vyuo vya jirani kwa miaka ndiyo iliyokipa kimoja cheti cha kuzaliwa.

Basi tukaenda kampasi mpya ya Birzeit kwa barabara ya Surda. Ni mwendo wa dakika chache, barabara nzuri yenye maduka ya matairi na kuku wa kuchoma. Kuanzia Machi 2001 hadi Desemba 2003 barabara hii ilikatwa kwa marundo ya udongo na kituo cha askari. Wanafunzi na walimu walishuka garini upande mmoja, wakatembea kwa miguu, jua au mvua, wakapanda gari jingine upande wa pili, ikiwa siku hiyo askari waliwaruhusu. Ustadhi alipunguza mwendo na kunionyesha mahali penyewe. Hakuna kilichobaki cha kuonyesha, naye alijua, lakini alinionyesha.

Mchana niliingia darasa la mwalimu wa sosholojia, dada mwenye sauti ya taratibu, ambaye aliniruhusu kukaa nyuma. Aliita majina. "Hadir," waliitika wavulana; "hadira," waliitika wasichana. Kwa majina mawili hakungoja jibu. Aliyataja kwa sauti ile ile, akaweka duara dogo kwa penseli, akaendelea. Baadaye alinieleza kwamba wawili hao wako kizuizini bila mashtaka, kwa amri ya miezi sita ambayo jeshi laweza kuirefusha tena na tena, wakishikiliwa kwa ushahidi ambao wao na mawakili wao hawauoni. Chuo kina taratibu zake za kuwalinda nafasi zao. Duara la penseli ni lake binafsi. Nikamwuliza kwa nini penseli. "Ili niweze kufuta," akasema, akinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

Ofisini, pamoja na afisa wa usajili, tulizungumza lugha ya nyumbani kwangu: viwango vya udahili, uhamisho wa alama, karo zilizochelewa. Alinisimulia juu ya Amri ya Kijeshi namba 854 ya Julai 1980, ambayo ilichukua sheria ya elimu ya Jordan ya 1964, iliyokusudiwa shule, na kuinyoosha ifunike vyuo vikuu, ili leseni ya chuo, ajira ya mwalimu na hata usajili wa mwanafunzi viwe chini ya ofisa wa kijeshi. Mwaka 1982 walimu wa kigeni walitakiwa kutia saini ahadi ya kutounga mkono Chama cha Ukombozi wa Palestina. Wengi walikataa na wakafukuzwa nchini. Nilimwambia kwamba mababu zetu wa Kenya walivalishwa kipande shingoni, ndani ya kijaluba cha bati, na hakuna aliyehama kazi bila bwana wake kukitia saini. Alilipenda neno hilo. Alilirudia mara mbili: kibande, kibande, kwa kuwa Kiarabu hakina sauti ya p.

Kisha nikamwomba anionyeshe wanafunzi wanakotoka. Hebron, Jenin, Tulkarm, Jerusalem, na vijiji nisivyovijua. Nikauliza Gaza. Mwaka 2000 chuo kilikuwa na wanafunzi 350 hivi kutoka Gaza, kufikia 2005 walibaki 35, kisha wakaisha. Tangu intifada ya pili ianze mwaka huo wa 2000, Israel imezuia wakazi wa Gaza kwenda kusoma Ukingo wa Magharibi, ikisema kundi hilo la umri ni hatari kwa usalama, na mnamo 2012 Mahakama Kuu ya Israel ilikataa ombi la wanawake wanne wa Gaza waliotaka kuja Birzeit kusoma shahada ya uzamili ya masuala ya jinsia na maendeleo. Serikali haikuwatuhumu wao wenyewe kwa lolote. Ilitetea katazo la jumla, na mahakama ikaliacha lisimame.

Jumanne, 23 Mei. Abu Dis, na mtihani usio na saa

Tuliondoka Ramallah saa kumi na mbili na nusu kwenda Abu Dis, pembezoni mwa Jerusalem, ambako ndiko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha al-Quds ilipo. Ni mwendo mfupi ukiutazama kwenye ramani. Katika kizuizi kimoja cha jeshi njiani foleni ilisimama saa moja na dakika arobaini, na magari yakazimwa. Tulikuwa abiria saba. Mbele yangu aliketi binti wa miaka ishirini hivi, mwenye karatasi za famasia zilizopigwa mstari kwa rangi tatu, akisoma kwa midomo bila sauti. Mtihani wake ulikuwa saa tatu kamili.

Mvulana alipita na kaki za ufuta, dereva akanunua tano na kutugawia. Saa mbili na nusu binti alikunja karatasi. Saa tatu kasorobo alizikunjua. Saa tatu aliweka saa yake ya mkononi ndani ya mfuko, na mimi, ambaye kwa miaka 17 nimesimama mlangoni mwa kumbi za mitihani nikiwageuza waliochelewa kwa nusu saa, nilihisi aibu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Saa tatu na dakika tano alimpigia simu mhadhiri wake. Alisikiliza, akakata, akatuambia sote garini: hata nusu ya darasa haijafika, mtihani utaanza watakapofika. Tulisogea saa tatu na dakika ishirini na tano. Sikuona sababu ya kufungwa wala ya kufunguliwa, na hakuna aliyeuliza.

Kanuni yetu ya nusu saa ni nzuri, nami niliisaidia kuiandika. Imejengwa juu ya dhana kwamba aliyechelewa amechelewa mwenyewe.

Abu Dis imekatwa na ukuta wa zege wa urefu wa mita nane. Kabla haujajengwa, mtu alitoka hapa hadi Jiji la Kale kwa dakika chache za gari. Sasa ni mzunguko mrefu, na kwa asiye na kitambulisho cha Jerusalem au kibali ni safari isiyokuwepo. Mwaka 2003 ukuta huo ulipangwa upite ndani ya ardhi ya chuo na kumeza viwanja vya michezo. Chuo, kikiongozwa wakati huo na mwanafalsafa Sari Nusseibeh, hakikupiga kelele tu. Wanafunzi na walimu walihamia uwanjani, wakacheza mpira, wakafundisha, wakakaa hapo zaidi ya mwezi, hadi mstari ukasogezwa. Nilitembea kwenye uwanja huo. Ukuta upo ng'ambo yake, karibu kiasi kwamba mpira uliopigwa vibaya waweza kuugonga.

Ndani ya kampasi kuna jumba la makumbusho la wafungwa. Humo nilitazama kwa muda mrefu madaftari yaliyoandikwa gerezani kwa mwandiko mdogo sana, kwa kubana karatasi. Wafungwa wa Kipalestina walipata haki ya kusoma kwa njia ya posta na Chuo Kikuu Huria cha Israel baada ya migomo ya njaa, na mwaka 2011 serikali ya Israel ikaifuta. Mlinzi wa jumba alitukumbusha kwamba wanafunga saa tisa.

Jumatano, 24 Mei. Uchaguzi Birzeit

Leo sikuhitaji kuuliza lolote. Kampasi nzima ilikuwa inapaza sauti. Ni siku ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Bendera za kijani, za njano na nyekundu, ngoma, nyimbo, wasichana wamepanga mistari na vitambulisho mkononi. Uchaguzi wa Bunge la Palestina haujafanyika tangu 2006, kwa hiyo nchi nzima huutazama huu wa vijana kama mtu atazamaye mbalamwezi kukisia mvua. Usiku matokeo yalitoka: kundi la Kiislamu lililo karibu na Hamas viti 25, vijana wa Fatah, chama cha rais wa Palestina, 20, wa mrengo wa kushoto 6, jumla 51.

Sina neno juu ya nani alistahili. Ninachoweza kusema ni kwamba wote waliokuwa wakiimba pale walijua bei. Jeshi la Israel huyahesabu makundi kadhaa ya wanafunzi kuwa haramu, na lile la kushoto liliharamishwa rasmi mwaka 2020, hivyo kugawa karatasi za kampeni kwaweza kuwa shtaka mbele ya mahakama ya kijeshi. Mnamo Machi 2018 askari waliojifanya waandishi wa habari waliingia kampasi hii mchana, wakamkamata rais wa wanafunzi na kuondoka naye. Nisiseme nusu, maana wanafunzi wenyewe hawakuniambia nusu: vyombo vya usalama vya Mamlaka ya Palestina, serikali ya Wapalestina wenyewe, navyo vimewahi kuwakamata vijana baada ya uchaguzi kama huu. Kijana mmoja alinieleza jambo hilo kwa mafumbo, akiongea na kikombe chake cha kahawa zaidi kuliko nami.

Alhamisi, 25 Mei. Bethlehem

Chuo Kikuu cha Bethlehem kilifunguliwa 1973 kwa hisani ya Vatikani na mikono ya Mabruda wa La Salle. Kina bustani, majengo ya mawe meupe, na wanafunzi ambao walio wengi ni wasichana, Waislamu na Wakristo. Kimefungwa na jeshi mara 12, na mara ndefu kuliko zote ilianza Oktoba 1987, kabla hata ya intifada, ikaisha Oktoba 1990.

Hapa nilitaka kusikia habari ya mwaka 2009. Binti mmoja wa Gaza, mwanafunzi wa biashara, alikuwa amebakiza miezi miwili kumaliza shahada yake. Oktoba 28 alisimamishwa kwenye kizuizi akirudi kutoka Ramallah. Askari wakaona anwani ya Gaza kwenye kitambulisho chake. Usiku ule ule, akiwa amefungwa pingu na kitambaa machoni, alipelekwa Gaza. Shirika la Kiisraeli la haki za kusafiri, Gisha, lilipeleka kesi Mahakama Kuu, ikakataliwa Desemba. Walimu walimtumia kazi na kumsahihishia kutoka mbali, akahitimu. Nilisikiliza haya kama mtaalamu, nikajiuliza ningeandika nini katika safu ya mahudhurio kwa wiki zile.

Jioni, Ramallah, Ustadhi alimpigia simu ya video binti wa dada yake, anayeishi Gaza. Ni umbali wa kilomita 80 hivi. Hawajaonana tangu binti akiwa mtoto wa kubebwa. "Khalo," alimwita, yaani mjomba, na kwa dakika kumi walizungumza habari za meno ya bibi. Kisha akanisalimia mimi. Anasoma uhandisi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Gaza, mwaka wa tatu. Nilimwuliza kama aliwahi kuomba nafasi Birzeit, kwa kuwa alama zake za Tawjihi, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, zilikuwa za juu mno.

"Hapana," alisema. "Kwa nini niombe?"

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mwenye duara la penseli yumo daftarini. Aliyefukuzwa miezi miwili kabla ya kuhitimu yumo. Yule wa Gaza aliyezuiwa kurudi Birzeit intifada ya pili ilipoanza yumo, jina lake limekatwa tu. Lakini huyu, na maelfu walio kama yeye kwa miaka 23, hawamo katika orodha ya waliodahiliwa, wala ya waliokataliwa, wala ya walioomba. Sisi wasajili tunaweza kumhesabu mtu ghaibu pale tu ambapo jina lake liliwahi kuandikwa.

Ijumaa, 26 Mei. Darajani

Kutoka ni rahisi kuliko kuingia. Nilirudisha kikaratasi cha samawati. Afisa aliyekipokea hakukitazama.

Nyongeza, Mei 2024

Kumbukumbu hizi nimeziacha kama nilivyoziandika. Baada ya shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023 na vita vilivyofuata, majengo ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Gaza yalipigwa kwa mabomu ndani ya wiki ya kwanza. Mkuu wake, mwanafizikia Sufyan Tayeh, aliuawa pamoja na familia yake tarehe 2 Desemba huko Jabalia. Januari, video ilionyesha Chuo Kikuu cha al-Israa kikilipuliwa chote kwa mkupuo mmoja, kwa baruti zilizotegwa, jengo likiwa halina mapigano ndani yake. Mwezi uliopita wataalamu wa Umoja wa Mataifa walihesabu wahadhiri 95 waliouawa Gaza, na hakuna chuo kikuu kilichobaki kizima.

Binti wa dada yake Ustadhi yu hai, katika hema, Rafah hadi juzi, na sasa mahali pengine. Aliniandikia kwa sababu anataka kuomba nafasi ng'ambo na fomu inadai matokeo yaliyothibitishwa na ofisi ya usajili. Ofisi hiyo haipo. Aliuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa kazi hiyo, chuo kinaweza kupokea nini badala yake, na akaambatanisha alichonacho: picha ya karatasi ya alama zake za mwaka wa pili, aliyoipiga kwa simu siku alipoipokea ili amwonyeshe mama yake. Alama zinasomeka zote. Dole gumba lake limeziba nusu ya muhuri.

Nimeipeleka kwa wasajili wanne ninaowafahamu. Wawili wamejibu, wakiuliza kama ana nakala nyingine.